Shiti la plastiki: Anayehitaji futi 2 auziwe futi 2

KILA mwaka msimu wa ufuta unapofunguliwa, na baada yake ule wa korosho, macho ya wafanyabiashara wa Kusini huelekea kwenye mizani. Wilayani Ruangwa hesabu zote huwa ni za mnada: chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kimepeleka tani ngapi sokoni, mnunuzi wa juu katoa shilingi ngapi kwa kilo, na mkulima wa Mbekenyera ataiona fedha yake lini. Hakuna ubaya katika hilo, kwani ufuta na korosho ndizo zinazoezeka nyumba na kuvalisha watoto sare za shule.

Lakini fedha hiyo ikishaingia mfukoni huanza safari ya pili, ile ya kugeuzwa vitu, na ni katika safari hiyo soko la vijijini linapoonyesha udhaifu wake. Zipo bidhaa ambazo hazipatikani si kwa sababu ni ghali, bali kwa sababu hakuna anayeziuza kwa kipimo anachokihitaji mnunuzi. Mfano mmoja mdogo, ambao pengine hautapata nafasi kamwe katika orodha ya bei za wiki, ni plastiki ngumu ya shiti.

Plastiki hiyo ni ile bapa, isiyokunjika kama turubai, ambayo mafundi wa mabango mijini huikata herufi na kuzibandika juu ya milango ya maduka. Ndiyo hiyo hiyo iliyo malighafi bora ya kutengenezea modeli, yaani mfano wa nyumba, ghala, daraja au mashine uliopunguzwa kwa skeli maalumu.

Msomaji wa ukurasa huu anaweza kuuliza modeli zina biashara gani Mbekenyera. Wanaozihitaji si wengi, ila wapo, na kila mmoja ana sababu yake. Yupo mwalimu wa jiografia anayefundisha skeli kwa kuchora ubaoni tangu Januari hadi Desemba, na mwenzake wa fizikia ambaye angependa wanafunzi washike kapi na wenzo badala ya kuvikariri. Wapo wanafunzi wanaotaka kupeleka kazi zao kwenye mashindano kama yale ya Wanasayansi Chipukizi, YST, ambayo maonyesho yake yalianza mwaka 2012. Kuna vikundi na halmashauri zinazojiandaa kwa Nane Nane ya Kanda ya Kusini katika viwanja vya Ngongo, Lindi, ambako banda lenye modeli ya ghala au ya mfereji wa umwagiliaji huvuta watu kuliko banda lenye vipeperushi. Aidha, tangu Januari 2024 mkondo wa elimu ya amali umeanza katika sekondari zilizoteuliwa nchini, na fani kama ujenzi na useremala haziwezi kufundishwa kwa chaki peke yake.

Na yupo fundi mwashi. Huyu ndiye mteja ambaye wengi humsahau, ingawa fedha inayopita mikononi mwake ni kubwa kuliko ya wote waliotajwa. Mkulima aliyeuza korosho zake na kuamua kujenga huonyeshwa ramani ya karatasi, naye hutikisa kichwa kwa heshima, kwa sababu si kila mtu amejifunza kusoma ramani. Ukuta ukishafika usawa wa linta ndipo anagundua kuwa chumba cha watoto hakiingii vitanda viwili, au kwamba mlango wa jiko unatazama upande uvumako upepo. Kuvunja ukuta wa tofali na kuujenga upya ni hasara ya mamia ya maelfu ya shilingi. Modeli ya nyumba hiyo, ambayo mwenye mali angeizungusha mkononi na kuchungulia ndani kabla msingi haujachimbwa, ingemwokoa.

BOKSI NA MANILA

Itasemwa kuwa boksi na manila vipo, tena boksi ni la bure. Ni kweli, na kwa kazi ya wiki moja boksi linatosha. Tatizo ni maisha yake. Modeli ya boksi iliyotengenezwa Agosti kwa ajili ya Nane Nane huwa imeshapinda ifikapo Machi, masika yakiwa yamekolea, na ikiwekwa chini katika stoo ya shule mchwa hawaulizi imepata alama ngapi. Mwaka unaofuata kazi huanza upya, manila hununuliwa upya, gundi hununuliwa upya. Mwalimu anayegawanya gharama kwa idadi ya miaka ataona kuwa modeli ya plastiki inayodumu miaka 10 inaweza kuwa nafuu kuliko ya manila inayodumu muhula miwili, hata kama siku ya kununua ilionekana ghali mara tano. Shule nyingi hazipigi hesabu hiyo kwa kuwa fedha huja kidogo kidogo na kila robo inajitegemea.

Kuna pia suala la usahihi, na hapa shiti la plastiki linaishinda karatasi kabisa. Tofali la saruji la inchi 6, linalotumika kujengea nyumba nyingi, lina unene wa milimita 150. Ukilipunguza kwa skeli ya 1:50 unapata milimita 3 kamili, ambao ndio unene wa shiti la kawaida la mabango. Fundi halazimiki kubandika tabaka juu ya tabaka. Anakata, anasimamisha, na ukuta unakuwa na unene wake wa haki. Ukipima chumba kwa ndani unapata vipimo vya kweli. Kwa boksi la sabuni, lenye unene unaobadilika kila linapobonyezwa, kipimo cha ndani ni cha kubahatisha, na modeli inayobahatisha haimsaidii mtu anayetaka kujua kama kitanda cha futi 6 kitaingia.

HESABU YA NYUMBA MOJA

Chukua nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu na sebule, yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Kuta za nje ukizizunguka ni mita 36, na kuta za ndani zikadiriwe kuwa mita 24. Zikiinuliwa mita 3, ni mita za mraba 180 za ukuta kabla ya kutoa milango na madirisha. Sakafu ni mita za mraba 80, na paa pamoja na upenu likadiriwe mita za mraba 110. Jumla ni mita za mraba 370. Katika skeli ya 1:50 eneo hugawanywa kwa 2,500, hivyo modeli nzima inahitaji sentimita za mraba 1,480 za plastiki. Futi moja ya mraba ni sentimita za mraba 929. Kwa maneno mengine nyumba nzima, kuta, sakafu na paa, inapatikana katika futi moja na nusu ya mraba na kidogo. Ukiongeza za kuharibika, futi 2 zinatosha, na nyumba yenyewe inakaa juu ya karatasi ya A4 na nafasi ikabaki.

Sasa tazama soko linavyouza. Shiti zima ni futi 8 kwa futi 4, yaani futi za mraba 32. Katika maduka ya vifaa vya mabango ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, mnunuzi wa kawaida ni fundi anayechukua shiti zima au mashiti kumi. Anayetaka futi 2 hukutana na swali ambalo muuzaji ana haki ya kuliuliza: "Mwalimu, nikikukatia hapa, hiki kinachobaki nimuuzie nani?" Mwalimu hana jibu. Ama anunue mara 16 ya anachohitaji, ama arudi na boksi.

Hapo ndipo gharama halisi ilipo. Bei za mashiti hutofautiana kwa unene, aina na duka, lakini kwa ajili ya hesabu peke yake chukua shiti la milimita 3 la shilingi 48,000, ambalo limesafirishwa hadi Ruangwa kwa shilingi 8,000. Limefika kwa shilingi 56,000. Aliyelazimika kununua zima kwa ajili ya nyumba moja ametumia shilingi 56,000. Muuzaji akilikata, akapoteza futi 4 kwa makosa na pembe zilizovunjika, akabaki na futi 28, kila futi imemgharimu shilingi 2,000. Akiuza kwa 2,500 atapata shilingi 70,000, faida ghafi shilingi 14,000. Fundi mwenye nyumba moja ya kuonyesha atalipa shilingi 5,000. Kati ya 56,000 na 5,000 hakuna teknolojia mpya, hakuna ruzuku, hakuna mfadhili. Kuna kisu na rula.

Soko la rejareja nchini limekwishatatua tatizo hili kwa bidhaa nyingine nyingi. Sabuni ya mche hukatwa vipande. Mafuta ya kula hupimwa kwa kikombe, sukari huuzwa robo, waya wa umeme huuzwa kwa mita, na hakuna anayeona ajabu. Muuza duka wa kijijini ni bingwa wa kugawa. Ajabu ni kwamba ubingwa huo haujafika kwenye plastiki ya shiti.

SAFARI YA KUTOKA DAR

Usafiri una sehemu yake katika lawama. Shiti zima lina sentimita 244 kwa 122, na umbo hilo haliingii katika buti la basi. Linapaswa kupanda juu ya lori, kati ya mifuko ya saruji na mabati, na linaweza kufika Ruangwa likiwa limevunjika kona. Uzito si hoja: shiti la milimita 3 la bodi nyepesi ya PVC lina kilo 5 hivi, na hata lile la akriliki linalong'aa kama kioo lina kilo 10 na ushee. Ni umbo ndilo linalotozwa.

Dawa yake ni rahisi. Shiti likikatwa sehemu nne kabla ya kuondoka Dar es Salaam linakuwa vipande vya futi 4 kwa futi 2, vinavyofungwa kwa boksi na kamba na kupelekwa kama kifurushi cha kawaida cha basi. Plastiki ya aina hii haihitaji msumeno: hupitishwa ncha ya kisu mara tatu au nne kufuata rula ya chuma, kisha hukunjwa ikakatika kwenye alama. Anayeagiza kwa simu aombe kukatiwa huko huko, na akubali kulipia kazi hiyo.

Barabara nayo imebadilika sana tangu siku za kusubiri kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji halijafunguliwa mwaka 2003. Lakini haijawa ya kuaminika kwa asilimia mia. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata njia ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga na mizigo ikalala njiani. Mfanyabiashara wa Ruangwa anayeweka akiba ndogo dukani amejikinga na siku kama hizo. Anayeagiza kimoja kimoja hajajikinga.

HATA ULAYA NA MAREKANI

Asidhani mtu kuwa hii ni shida ya Mbekenyera peke yake. Huko Marekani na Uingereza, ambako kutengeneza modeli za ndege, meli na reli ni burudani ya watu wazima wenye kipato, malalamiko ni yale yale yaliyogeuzwa kichwa chini. Kule kipimo kidogo kipo: kampuni ya Evergreen ya Marekani hufungasha mashiti ya polistirini ya inchi 6 kwa 12, yaani nusu futi ya mraba kila moja, na kuyauza katika maduka ya wapenda modeli. Wanunuzi hulalamika kuwa ukijumlisha vipande 64 vinavyotimiza shiti moja zima, bei inakuwa mara nyingi ya ile ya muuzaji wa jumla wa plastiki. Hivyo wajanja huenda kwa muuzaji wa jumla na kugawana shiti moja watu kadhaa, au hununua vibao vya "Inauzwa" vinavyosimikwa mbele ya nyumba, kwa kuwa baadhi yake ni polistirini ile ile.

Kinachoonekana hapo ni kwamba kugawa ni huduma, na huduma ina bei. Kule bei ya huduma hiyo imepanda mno. Huku huduma yenyewe haipo. Katikati ya mambo hayo mawili kuna nafasi ya mtu kula mkate wake kwa halali.

NANI AUZE?

Wengi wangependekeza muuza duka la kawaida, na hapo wangekosea. Shilingi 56,000 zilizolala katika shiti la plastiki zitarudi na faida ya robo, lakini zitarudi lini? Kama ni baada ya miezi minane, muuza duka anayeizungusha fedha hiyo hiyo kila wiki kwa sukari na sabuni atakuwa amepata zaidi, hata kwa faida ya shilingi chache kwa kilo. Hana kosa anapokataa. Wasomi wa biashara huita hiyo gharama mbadala. Yeye haiiti chochote, ila anaijua.

Anayefaa ni fundi wa vioo. Mjini Ruangwa na Nachingwea, kama katika miji mingine ya wilaya, mtu anayekata vioo vya madirisha tayari ana meza bapa, ana rula ndefu, na muhimu kuliko vyote, ana mazoea ya kupanga bei kwa kipande. Mteja anakuja na vipimo vya dirisha, fundi anakata, kinachobaki kinasimamishwa ukutani kumsubiri mwenye dirisha dogo. Bei anayotoza tayari imebeba kile kitakachovunjika. Biashara nzima ya kuuza shiti la plastiki kwa futi ni biashara anayoifanya kila siku kwa mali nyingine, tena mali inayokata vidole. Kwake shiti moja si mtaji uliolala. Ni nyongeza kwenye meza ambayo kodi yake imeshalipwa. Baada yake anafuata fundi wa mabango, ambaye mabaki yake ya futi moja moja kwa sasa huishia kwenye shimo la taka, wakati kila kipande ni ukuta wa modeli ya mtu.

Kasoro ya njia hii ni risiti. Fedha ya shule ya serikali haitoki bila karatasi, na tangu 2023 manunuzi ya umma yamehamishiwa katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Fundi wa mabango anayetoa mabaki kwa shilingi elfu mbili mbili hana mashine ya EFD wala hana habari na zabuni. Matokeo yake mwalimu hununua kwa fedha yake mwenyewe, au hanunui. Utaratibu uliowekwa kuzuia wizi wa mamilioni usifike mahali pa kuzuia kipande cha shilingi 5,000. Wakuu wa shule za Mbekenyera, Namichiga, Mnacho na Nkowe wangeweza kuunganisha mahitaji yao ya mwaka katika oda moja kwa muuzaji mmoja mwenye risiti. Mashiti mawili kwa shule nne ni futi 16 kwa kila shule. Hilo halihitaji waraka kutoka wizarani.

BOMBA, DUMU NA CHUPA

Wakati soko likijifikiria, zipo njia za kujihimu, na nyingine ni nzuri kuliko sifa zake. Ya kwanza ni bomba. Kipande cha mita moja cha bomba la PVC la inchi 4, lile la maji taka lenye kipenyo cha milimita 110, kikipasuliwa kwa urefu na kulazwa kinatoa bapa la upana wa sentimita 33 hivi, sawa na futi za mraba 3 na nusu. Hiyo ni modeli ya nyumba na baki. Mabaki ya mabomba hupatikana kila panapojengwa choo cha kuvuta. PVC huanza kulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha: kipande kilichokwisha kupasuliwa huzamishwa hadi kilegee, hutolewa kwa koleo, hubanwa kati ya mbao mbili na kuwekewa mawe juu hadi kipoe. Kisipashwe juu ya moto wa kuni. PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma mapafu, na sufuria iliyotumika isirudi jikoni.

Uzuri wa PVC ni kwamba gundi yake ipo dukani tayari. Gundi ya mabomba haibandiki kwa kukauka kama ya karatasi. Huyeyusha uso wa vipande viwili vikaungana vikawa kimoja. Duka la vifaa vya ujenzi linalouza bomba linauza na gundi, na gundi hiyo hiyo inashika bodi ya mabango ya PVC.

Dumu la lita 20 la mafuta ya kula ni habari nyingine. Limetengenezwa kwa polithini nzito, na plastiki hiyo haishikwi na gundi ya kawaida, hata ile kali inayoshika vidole. Wapo waliopoteza gundi ya shilingi elfu kadhaa wakidhani ni feki. Watoto wa vijijini walishajua hilo kabla ya mtu yeyote kuwaeleza: malori yao ya madumu, yenye magurudumu ya kandambili, hushonwa kwa waya au kupigiliwa vijiti. Hiyo si dalili ya umaskini wa vifaa, ni uhandisi sahihi kwa mali waliyonayo. Lori la dumu likiunganishwa kwa gundi lisingefika kisimani.

Anayeokota plastiki asiyoijua atazame namba iliyo ndani ya alama ya pembetatu chini ya chombo. Namba 2 na 5, yaani madumu, ndoo na mifuniko mingi, hazishiki gundi. Namba 3 ni PVC. Namba 6 ni polistirini, ambayo ndiyo kipenzi cha watengeneza modeli duniani kwa kuwa hukatika kwa kisu na kuungana kwa tone la asetoni au thina kali ya rangi za magari. Baadhi ya vikombe vya mtindi na makasha ya CD ni ya namba hiyo. Palipofutika namba, kipande kidogo kitumbukizwe majini: polithini huelea, PVC ngumu na polistirini huzama. Bodi ya mabango peke yake huelea ingawa ni PVC, kwa sababu ina viputo vya hewa ndani. Chupa za maji, namba 1, zinafaa kwa vioo vya madirisha ya modeli na si zaidi. Thina na asetoni zitumike penye upepo na mbali na moto, na si mkononi mwa mtoto aliyeachwa peke yake.

Njia hizi zina faida ya bei, lakini zina gharama ambayo haionekani kwenye risiti, nayo ni muda. Kulaza bomba moja ni kazi ya saa nzima, na bapa linalopatikana si nyoofu kama la kiwandani. Mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki hatafanya hivyo mara mbili. Fundi mwashi aliye na mteja anayesubiri hatafanya hata mara moja. Ndiyo maana kujihimu, pamoja na sifa zote kinazopewa katika semina, hakuondoi haja ya kuwa na muuzaji.

Kwa fundi wa vioo au wa mabango atakayejaribu, mzigo wa kuanzia hauhitaji kuwa mkubwa: shiti moja la bodi ya PVC la milimita 3 kwa ajili ya kuta na sakafu, na moja la polistirini la milimita 1, lenye uzito wa kilo 3 hivi, kwa ajili ya paa na milango. Akriliki aiache kwanza, kwa kuwa ni ghali na huvunjika mkononi mwa asiyezoea. Vipande vya futi moja kwa futi moja vikatwe mapema, viandikwe bei kwa kalamu ya wino mzito na kuwekwa mahali vinapoonekana. Mwezi wa kuagiza ni Mei, kabla minada ya ufuta haijaanza kumwaga fedha na zaidi ya miezi miwili kabla ya mabanda ya Ngongo kufunguliwa Agosti. Mzigo wa pili, kama wa kwanza utakuwa umekwisha, uingie Oktoba pamoja na korosho, wakati watu wa Mbekenyera wanapoanza kuulizia mafundi wa kujenga.